Nani Aliiagiza Mashine Hii?

Hotuba hii ilitolewa Mwanza mbele ya mafundi wa vifaa tiba, wauguzi, maofisa ugavi na wanafunzi wa vyuo vya afya. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu na wale wa visiwani ambao hawakuweza kuvuka.

Mwangaluka, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliopanda boti kabla jua halijachomoza.

Naomba tuanze na sangara, maana humu ndani hakuna wa kufundishwa sangara ni nini. Tumboni mwake kuna bondo, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea. Wazee mliopo mnakumbuka enzi ambazo bondo halikuwa na bei ya maana. Samaki alipasuliwa, minofu ikaenda kiwandani, bondo likatupwa pamoja na matumbo. Leo kilo ya bondo kavu inaizidi kilo ya mnofu kwa mbali sana. Niwaulize: bondo limebadilika? Ziwa limebadilika? Sangara huyu ni yule yule aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Kilichobadilika ni kwamba kule China alipatikana mnunuzi akasema: nalitaka, nalitaka kavu, la ukubwa huu, na bei yangu ni hii.

Lishikeni hilo la bondo, maana mashine zilizomo wodini mwenu zina historia ya namna hiyo. Mtu fulani aligundua jambo. Baadaye, pengine baada ya miaka mingi sana, mtu mwingine akaagiza. Na mashine ikakatwa kwa kipimo cha yule aliyeagiza. Haikukatwa kwa kipimo cha mgunduzi, wala cha mtoto aliyelazwa Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Kwa hiyo kila mashine tutakayoitaja leo tutaiuliza swali moja: nani aliiagiza?

Tuanze na ultrasaundi, kwa sababu inatokea palepale kwenye bondo. Watafiti wa uvuvi wa nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, wanapokadiria samaki waliomo Ziwa Victoria, hupita na chombo kinachotuma mlio majini na kusikiliza mwangwi. Sehemu kubwa ya mwangwi unaorudi kutoka kwa sangara hairudishwi na nyama wala mifupa. Inarudishwa na bondo, kwa kuwa hewa iliyozungukwa na maji huigomea sauti na kuirudisha karibu yote. Wauguzi, ndiyo sababu mnampaka mama jeli tumboni kabla ya kuweka probu, kile kishikio kinachotuma sauti na kupokea mwangwi. Hewa ikibaki kati ya probu na ngozi, hata ikiwa nyembamba kama karatasi, sauti yote inagonga hapo na kurudi, na mtoto aliyemo ndani haonekani.

Jambo hili lilianza mwaka 1880 huko Ufaransa. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waliona kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha upande wa pili: ukizipa umeme, fuwele hizo hutetemeka. Ugunduzi mkubwa. Nani aliuagiza? Hakuna. Ulikaa maabara zaidi ya miaka 30. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, nyambizi zikawa zinazamisha meli, na Paul Langevin akazitumia fuwele za kwatzi kutuma mlio baharini na kusikiliza mwangwi wa nyambizi. Mnunuzi wa kwanza, basi, alikuwa jeshi. Wakafuata wenye meli waliotaka kupima kina, kisha wavuvi waliotafuta makundi ya samaki, kisha viwanda vya chuma vilivyotaka kuona nyufa ndani ya chuma bila kukikata.

Daktari alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mwaka 1955, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Glasgow, Ian Donald, alipakia kwenye gari uvimbe aliokuwa amewatoa wagonjwa wake. Aina moja ilikuwa migumu, nyingine imejaa maji. Akaipeleka kwenye kiwanda cha kutengeneza boila, ambako kulikuwa na mashine ya kukagua nyufa za chuma. Pale kiwandani wakampa pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Akaona wazi kwamba mwangwi wa uvimbe mgumu na ule wa uvimbe wa maji havifanani. Kisha Tom Brown, mhandisi kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, akajiunga naye, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo pamoja na John MacVicar katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwa mama aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mwangwi ukaonyesha maji. Ulikuwa uvimbe wa maji wa ovari. Ukatolewa, mama akapona.

Mnaona njia iliyopita? Fuwele, nyambizi, meli, boila, ndipo mama. Hata zile mashine ndogo za kubebeka zilisukumwa miaka ya 1990 na fedha za jeshi la Marekani lililotaka kuwapima majeruhi vitani. Zahanati ya kisiwani hapa kwetu imefaidika na agizo ambalo haikulitoa. Ni heri tumefaidika. Ila aliyeagiza ni mwingine, na mahali mashine inapotusumbua ndipo utakapoiona tofauti yake na sisi.

Mafundi, hapa nataka tukae kidogo. Probu ya tumbo hutuma mawimbi ya megahezi 3.5 hivi. Mwilini sauti huenda takriban mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja lina urefu wa nusu milimita au pungufu, na mwangwi kutoka kina cha sentimita 15 unarudi ndani ya sekunde moja iliyogawanywa mara 5,000. Kazi hiyo inafanywa na safu ya fuwele nyembamba sana, nazo huvunjika. Probu ikianguka kwenye sakafu ya saruji mara moja tu, fuwele chache hufa, na kwenye picha unaona michirizi myeusi inayoshuka kutoka juu, mahali palepale, kila unapopima. Mpimaji asiyejua hufikiri ni kivuli cha mfupa. Dawa yake ni kibanio cha kutundikia probu ukutani na waya usioburuzwa chini. Kosa la pili ni mafuta. Jeli ikiisha, mtu anachukua mafuta ya kupikia au ya mgando. Mafuta huulainisha mpira wa usoni mwa probu hadi unavimba na kubanduka. Watafiti wamejaribu uji mwepesi wa wanga wa mahindi, sehemu 1 ya wanga kwa sehemu 10 za maji, uliochemshwa ukapoa, na picha zikatoka vizuri. Usitie chumvi, upike wa siku hiyo tu, na uifute probu mara unapomaliza. Wanga unauzwa dukani popote, hauhitaji kungoja meli.

Sasa njooni kwenye kifaa mnachokishika kila siku: kipimo cha haraka cha malaria, mRDT.

Mwaka 1975, huko Cambridge Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walifanikiwa kuunganisha seli inayotengeneza kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika kitu maalumu, na seli ya saratani isiyokufa. Wakapata seli inayozalisha kingamwili ya aina moja tu, bila kukoma. Hawakuikatia hataza. Mwaka 1984 walipata Nobeli. Kwa mara ya kwanza dunia iliweza kuzalisha kingamwili zinazofanana kabisa, kwa lita, zote zikishika kitu kimoja na kuacha vingine.

Nani aliagiza? Hapa pananishangaza kila ninapopafikiria. Aliyefungua soko kubwa la kile kipimo cha ukanda hakuwa mgonjwa wa malaria. Alikuwa mwanamke wa Ulaya aliyetaka kujua, akiwa faraghani nyumbani kwake, kama ana mimba. Mwaka 1988 Clearblue ilitoa kipimo cha hatua moja: mkojo unapanda kwenye ukanda, unabeba chembe za rangi zenye kingamwili, na mstari unatokea. Mamilioni walinunua. Viwanda vikajifunza kuutengeneza ukanda ule kwa bei ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakatokea waliouuliza ukanda huo huo swali jingine: badala ya homoni ya mimba, je, unaweza kukamata HRP2, ile protini ambayo kimelea cha malaria huimwaga kwenye damu? Uliweza. Ile mistari mnayoisoma inapata rangi yake nyekundu kutokana na chembe ndogo mno za dhahabu.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kiini cha hotuba hii. Vipimo vilipoingia sokoni vilikuwa vya kila namna. Vingine vizuri, vingine havikuona kitu. Kutoka mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani na washirika wake wakaanza kuvipima vyote kwa damu ile ile: je, kinaona vimelea 200 katika mikrolita moja? Kikikaa kwenye joto kali kwa majuma kadhaa, bado kinaona? Matokeo yakachapishwa kwa majina ya bidhaa. Wanunuzi wakubwa wakasema, hatununui kisichofaulu. Viwanda vikarekebisha au vikaondoka. Mwaka 2010 ikatoka kauli kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na soko likapanuka sana. Hakuna ugunduzi mpya uliotokea kati ya 2008 na hapo. Kilichotokea ni kwamba mnunuzi alijua anachotaka akakitaja kwa namba. Vimelea 200! Mnunuzi anayesema namba huwa kiwanda kinamsikia.

Yanayoharibika kwetu yanajulikana. Pakiti inafunguliwa asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa mchana, na unyevu wa ziwa unaingia kwenye ukanda. Damu inazidi mikrolita 5, ukanda unabaki mwekundu wote na mstari haufahamiki. Bafa, yale matone ya kusukuma damu kwenye ukanda, ya boksi moja inatumiwa kwa kipimo cha kampuni nyingine. Majibu yanasomwa baada ya saa nzima, wakati kijikaratasi kinasema dakika 15 au 20. Na kubwa kuliko yote: HRP2 hubaki kwenye damu majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtoto aliyemaliza dawa juma lililopita ataonyesha mistari miwili leo. Mkimpa tena dawa kwa sababu ya mstari huo, homa yake ya kweli, labda nimonia, inaendelea kumla.

Nimeitaja nimonia, na nimonia inataka oksijeni. Ndugu zangu, hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu mashine ya kuchuja oksijeni ndiyo inayoniumiza roho zaidi.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Ndani ya mashine kuna mitungi miwili yenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno. Kompresa inasukuma hewa kwenye mtungi wa kwanza, zeolaiti inaishika naitrojeni, oksijeni inapita. Mtungi ukijaa, vali inageuza hewa kwenda mtungi wa pili, na wa kwanza unapumua na kuitema naitrojeni nje. Zamu kwa zamu, kila sekunde chache. Ile sauti ya pss... pss... mnayoisikia wodini ni zamu hizo. Kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 90 hadi 96, lita 5 kwa dakika kwa mashine ya kawaida.

Zeolaiti zilipewa jina na Msweden Cronstedt mwaka 1756. Njia ya kubadilisha mitungi kwa mgandamizo ilikuja miaka 200 baadaye, kutoka kwa mhandisi Skarstrom, aliyekuwa kwenye kampuni ya mafuta. Na nani aliagiza mashine ya kukaa kando ya kitanda? Mwaka 1980 na 1981 tafiti mbili kubwa, ya Marekani na ya Uingereza, zilionyesha kwamba mgonjwa wa mapafu ya kudumu akipewa oksijeni saa nyingi kila siku nyumbani kwake huishi zaidi. Serikali na bima za huko zikakubali kulipa. Soko likawa hilo: mzee mmoja, chumba kimoja, nyumba yenye ubaridi, sakafu isiyo na vumbi, umeme usiokatika.

Sasa mashine hiyo iwekeni kwenye wodi ya watoto kando ya ziwa. Joto, unyevu, vumbi la barabarani, umeme unaopanda na kushuka, na watoto wanne kwenye mashine moja. Je, mashine ni mbovu? Mashine ni nzima. Inamtafuta yule mzee aliyeiagiza.

Kosa linaloua nyingi ya mashine za msaada halionekani kwa macho. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, yaani umeme unaopiga mawimbi 60 kwa sekunde. Tunainunulia transfoma, tunapata volti 120, taa inawaka kijani, tunashukuru. Transfoma imebadilisha volti. Haikugusa hezi, na umeme wetu ni hezi 50. Mota ya kompresa inafuata hezi, kwa hiyo inazunguka kwa mwendo wa sehemu tano za sita. Mgandamizo unapungua, zeolaiti haifanyi kazi yake, oksijeni inashuka. Na mota yenyewe, kwa kupewa volti ile ile kwenye hezi ndogo, inavuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka. Feni nayo inazunguka polepole, haipozi. Majuma yanapita, kompresa inaungua, na daftari linaandikwa: "mashine mbovu". Kumbe ilikuwa mbovu kwetu tangu ilipopakiwa melini.

Fundi, geuza mashine usome lebo ya nyuma. Ikiandikwa 60 Hz peke yake, usiiwashe kwa transfoma. Ikiandikwa 230 V, 50 Hz, weka stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, mbele yake. Chujio la nje la sifongo lioshwe kwa sabuni kila juma na likauke kabisa kabla ya kurudishwa, maana unyevu ukifika kwenye zeolaiti unaketi katika vitundu vya naitrojeni na hautoki. Mashine iwe walau sentimita 30 kutoka ukutani. Mashine ya akiba isikae stoo mwaka mzima bila kuwashwa. Iwasheni mara kwa mara, ikauke ndani. Na mpime oksijeni inayotoka kwa kipima oksijeni, baada ya mashine kuunguruma nusu saa kwenye lita zake zote. Mtoto anayepewa lita 1 ya hewa yenye oksijeni asilimia 60 ana mpira puani na daktari anaamini anatibiwa. Hilo ni jambo zito, ndugu zangu.

Na umeme? Mashine ya lita 5 hula wati 350 hivi. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 8.4. Hapo ng'ambo, Jinja, kwenye ziwa letu hili hili, watafiti waliendesha mashine hizi kwa sola wakatibu watoto wenye nimonia. Inawezekana, ila hesabu ianze na hiyo 8.4, na si na paneli aliyonayo muuzaji.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliandika masharti ya mashine ya oksijeni kwa hospitali za nchi kama zetu: ifanye kazi kwenye joto la hadi nyuzi 40, unyevu wa hadi asilimia 95, na mwinuko wa mita 2,000 au zaidi. Mwanza tuko kwenye mita 1,140 hivi. Yaani mtu amekwisha kutuandikia agizo letu. Nani kati yetu ameyanakili masharti hayo kwenye zabuni?

Nakwenda kwenye kichocho, na hapa mkoa huu unajua kuliko vitabu. Dawa yake, prazikwanteli, ilipatikana Ujerumani miaka ya 1970, kwenye kampuni za Merck na Bayer. Utafiti wa awali ulitafuta dawa za kutuliza, kisha za minyoo ya wanyama. Kampuni ya Korea, Shin Poong, ikabuni miaka ya 1980 njia nafuu ya kuitengeneza, na bei ikashuka. Kidonge kikubwa cha miligramu 600, dozi miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kuwa mizani haipo kila shule, ikaja ile fito ya kupima kimo. Mstari wa chini kabisa uko sentimita 94. Mtoto aliye chini ya hapo hapewi kidonge hicho.

Na mtoto wa chini ya sentimita 94 anakaa wapi mama akienda kufua ziwani? Anakaa majini! Anaogeshwa kwenye beseni lililochotwa ziwani. Minyoo inamwingia akiwa na mwaka mmoja, na fito inamwambia asubiri. Waliojitahidi waliponda kidonge cha mkubwa, kichungu kupita kiasi, mtoto akakitapika au kikamkwama. Je, sayansi ilishindwa? Tangu zamani wanakemia walijua kwamba kidonge kile ni mchanganyiko wa molekuli pacha mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Pacha mmoja anaua minyoo. Mwingine haui, na ndiye mwenye uchungu mwingi. Kilichokosekana ni mnunuzi, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili wa kisiwa cha Ukara hana pochi, na mama yake hana pa kupeleka agizo.

Ikabidi agizo litengenezwe. Mwaka 2012 uliundwa ushirika wa kampuni, taasisi za utafiti na wafadhili, wakatengeneza kidonge cha pacha yule mmoja, miligramu 150, kinachoyeyuka majini, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali, na mwaka 2024 kikaingia kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Hesabuni wenyewe kutoka miaka ya 1970. Watoto wangapi wamepita chini ya ile fito?

La droni, ndege ndogo isiyo na rubani, nitalisema kwa ufupi. Mwaka 2018 kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengenezaji wa droni Wingcopter walirusha dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji, dakika 40 kwa wastani, wakati njia ya barabara ni kilomita 240 na saa 6. Jaribio la miezi sita, na ndege iliruka vizuri. Rwanda walianza na kampuni ya droni ya Zipline mwaka 2016, na huko serikali iliingia mkataba wa kulipia kupelekewa damu. Tofauti ya hadithi hizi mbili msiitafute kwenye mabawa ya ndege. Itafuteni kwenye mkataba: nani analipa safari ya elfu moja, baada ya wapiga picha kuondoka?

Basi tunaagizaje? Maofisa ugavi, hapa ni penu. Kabla ya kuandika zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, fundi apime volti ya wodi kwa siku saba, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, aandike ya juu na ya chini. Muuguzi ahesabu watoto waliohitaji oksijeni siku moja kwa wakati mmoja, siku mbaya kuliko zote, na saa ambazo umeme ulikatika mwezi huo. Namba hizo ziingie kwenye zabuni kama zilivyo. Msiandike "mashine ya oksijeni, 1". Andikeni lita, volti, hezi, joto, unyevu. Andikeni vichujio vya miaka miwili, zeolaiti ya akiba, vali na kitabu cha fundi, vyote ndani ya bei moja, maana muuzaji anayeshusha bei ya mashine huipandisha kwenye vipuri. Andikeni kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya mashine kupimwa hapa, mbele ya fundi wetu, na si kwa karatasi ya kiwandani.

Na msiagize mmoja mmoja. Kituo cha afya kinachotaka mashine mbili hakimshughulishi mtengenezaji. Sengerema, Magu, Misungwi na Ukerewe wakikubaliana aina moja, zikawa mashine 40, mtengenezaji anatuma fundi wake, na kipuri cha Magu kinaokoa mashine ya Ukerewe usiku wa manane. Wafanyabiashara wa mabondo wanakusanya mzigo pamoja kabla ya kuzungumza bei. Sisi tunaokusanya mahitaji ya watoto tunashindwa nini?

Msaada ukitolewa, upokeeni kwa shukrani, lakini tumeni masharti yenu kabla kontena halijafungwa. Mfadhili mwema hufurahi kuambiwa. Mwambieni: 230 V, 50 Hz, na vichujio vya miaka miwili.

Kwenye meza ya mbele kuna mashine mbili za oksijeni zimefunguliwa mifuniko, moja ya hezi 50 na nyingine ya hezi 60, na kipima oksijeni kimoja. Mafundi njooni na bisibisi zenu, wauguzi njooni na maswali. Walio visiwani, Jumatatu geuzeni kila mashine iliyoko wodini na stoo, nakilini lebo yake, volti na hezi, na mtuletee orodha. Tutaanzia na zile za hezi 60 ambazo bado zinaunguruma, kwa kuwa kuna watoto wamefungwa mipira yake sasa hivi.

Asanteni sana.